Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: London, moshi na uzuri wa mji katika fasihi ya Kiingereza ya karne ya 19

Hii mada inahusu nini hasa?

Inahusu mtu anayetembea mjini, anaangalia, kile anachokiona kinamgusa au kinamtisha, alafu anajaribu kukiandika. Basi. Ila ukiingia ndani unakuta ndo moyo wa fasihi nzima ya Kiingereza ya karne ile. Sensa ya kwanza ya 1801 ilikuta London ina watu karibu milioni 1, kufika 1901 ukijumlisha na viunga vyake walishapita milioni 6, na katikati hapo sensa ya 1851 ikaonyesha kwa mara ya kwanza kwamba kwa England na Wales watu wa mjini wamewazidi wa shamba. Zamani mshairi akitaka uzuri alijua pa kwenda, mlimani, ziwani, bustanini. Sasa wasomaji wake wanaishi kwenye mitaa ya moshi wa makaa ya mawe na tope lililochanganyika na mavi ya farasi, kwa hiyo swali likaja lenyewe, huku nako kuna uzuri? Na kama upo, ni wa nani?

Hilo la "ni wa nani" mimi nalishikilia sana kwa sababu wengi wanaliruka. Kwenye hizi kazi uzuri wa mji unategemea nani anatembea, anatembea saa ngapi, na mfukoni ana nini.

Kwa nini kila anayefundisha mada hii anaanza na lile shairi la daraja la Westminster?

Kwa sababu ni fupi, mistari 14 tu, na lina jambo limejificha ndani. Mshairi William Wordsworth alikuwa juu ya gari la farasi na dada yake Dorothy, alfajiri, kiangazi cha 1802, wanaelekea Dover ili wavuke kwenda Calais. Wakapita darajani (lile la zamani, hili la sasa limefunguliwa 1862) akaiona London jua linachomoza. Shairi likachapwa 1807 na linadai dunia haina kitu kizuri zaidi cha kumwonyesha mtu, na kwamba anayeweza kupita pale bila kusimama roho yake imekufa ganzi. Mtu wa milima na maziwa anasema hivo kuhusu London, lazima ushangae.

Sasa lisome tena polepole uangalie ni nini hasa kinachoifanya ipendeze. Hewa haina moshi. Nyumba zimelala. Meli, minara, makuba, kumbi za maonesho, vyote kimya, unaona mpaka mashambani. Moyo mkubwa wa mji umetulia. Yaani watu hawapo! Subiri kidogo tu majiko yawashwe, maduka yafunguliwe, mikokoteni ianze kupiga kelele juu ya mawe, na kile alichokiona kimeshapotea. Dorothy kwenye shajara yake naye anataja jambo hilohilo, kwamba nyumba hazikuwa zimefunikwa na wingu lake la moshi. Silidharau shairi hata kidogo, nalihesabu kati ya vitu vizuri kabisa vilivyowahi kuandikwa kuhusu mji wowote, ila ni mapenzi kwa mji ambao bado haujaamka, na hilo sharti lazima tulione.

Na mji ukiamka, Wordsworth anasemaje?

Hapo anapata shida. Kitabu cha 7 cha The Prelude, lile shairi refu la maisha yake lililotoka 1850 baada ya kufa kwake, kinampeleka kwenye maonesho ya Bartholomew pale Smithfield, ngoma, matarumbeta, wanyama, vinyago, watu wa kila aina wanasukumana, na yeye anaona fujo tupu isiyo na kichwa wala miguu. Umati unamchosha macho. Anasema kila uso unaompita ni fumbo.

Lakini humohumo ndani ya umati anamkuta ombaomba kipofu amesimama ameegemea ukuta, kifuani amebandika karatasi inayoeleza yeye ni nani na ametoka wapi. Wordsworth anagutuka kama amepigwa na maji ya mto. Kikaratasi kile, maandishi machache kwenye kifua cha mtu asiyeweza hata kuyasoma, kinamfanya afikiri kwamba pengine sisi wote hatujijui zaidi ya hapo. Kwangu hapa anaenda mbali kuliko pale darajani. Mji uliojaa, mchana kweupe, na mtu mmoja anaonekana.

Kuna aliyempinga waziwazi enzi zake?

Yupo, rafiki yake mwenyewe, mwandishi Charles Lamb. Lamb alizaliwa London 1775, akafanya ukarani kwenye kampuni ya East India miaka zaidi ya 30. Januari 1801 Wordsworth alikuwa amemwalika kaskazini akaone milima, akamjibu kwa barua kwamba hata asipouona mlima maisha yake yote hana shida. Alafu anaanza kumwaga orodha ya anavyovipenda, maduka ya Strand na Fleet Street yanavyowaka usiku, nyumba za kahawa, mvuke wa supu unaotoka jikoni, meza za vitabu vya mtumba, maduka ya picha, hata tope na jua linapopiga kwenye nyumba na njia za miguu. Anasema mara nyingi akitembea Strand usiku machozi humtoka kwa furaha ya kuona uhai mwingi kiasi kile.

Hebu weka barua hiyo pembeni ya soneti ya daraja (soneti ni shairi la mistari 14 kama lile). Wordsworth anataka mji uliolala, Lamb analia kwa raha kwa sababu umeamka. Nikiulizwa nani aliipenda London zaidi nasema Lamb bila kufikiri mara mbili.

De Quincey si ni yule wa bangi? Anahusikaje?

Kasumba (afyuni), sio bangi. Thomas De Quincey alichapisha maungamo yake ya ulaji kasumba kwenye gazeti la London Magazine mwaka 1821, na watu wanakumbuka zile ndoto tu, wakati nusu ya uzito wa kile kitabu uko kwenye njia za London. Akiwa kijana alitoroka shule akaja London hana kitu, akawa analala kwenye nyumba tupu Soho na njaa tumboni, rafiki yake wa karibu akawa Ann, binti mdogo aliyekuwa anajiuza mitaani. Siku moja De Quincey alizimia kwenye ngazi za nyumba, Ann akakimbia mpaka Oxford Street akarudi na mvinyo wenye viungo, amelipa kwa hela yake mwenyewe, De Quincey anaamini bila hiyo angekufa palepale. Baadaye akasafiri kwa siku chache, wakawekeana miadi ya kukutana jioni karibu na Great Titchfield Street, hakumwona tena. Jina lake la ukoo hakuwahi kuliuliza. Anaandika kwamba labda walikuwa wanapishana hatua chache tu ndani ya ule msongamano.

Alafu miaka michache mbele, akiwa na hela na kasumba yake, Jumamosi usiku anatoka kwenda kuzurura sokoni kuwaangalia maskini wanavyofanya manunuzi ya wiki, na anafurahia kuwaangalia. Mitaa ni ileile, usiku uleule, mtu yuleyule, kilichobadilika ni mfuko wake. Sijui kama kuna mwandishi mwingine wa karne ile aliyeonyesha pande zote mbili za hilo jambo kwenye kitabu kimoja kama huyu.

Dickens alikuwa anatembea kweli usiku au ni sifa tu?

Charles Dickens, mwandishi wa riwaya, alitembea kweli na sana. Makala yake Night Walks ya 1860 inaeleza kipindi alichokosa usingizi, akaamua badala ya kuhangaika kitandani awe anatoka nje kutembea mpaka jua lichomoze. Anaona vilabu vya pombe vikifungwa, anaongea na mtu wa ushuru wa daraja la Waterloo, anapita nje ya hospitali ya wagonjwa wa akili anajiwazia kwamba sote tukiota ndoto tuko sawa na wale waliomo ndani, mwisho kahawa Covent Garden kunapokucha. Katikati ya hayo, kwenye ngazi za kanisa la St Martin, kengele inapiga saa tisa usiku, kiumbe kinainuka miguuni pake, kijana amevaa matambara, wote wawili wanashtuka, Dickens ananyoosha mkono kumshika ili ampe pesa, kijana anachomoka na kumwachia matambara mkononi. Hakuna mahubiri baada ya hapo. Anaendelea kutembea.

Na alihitaji mitaa ili aweze kuandika. 1846 akiwa Uswisi anamlalamikia rafiki yake kwa barua kwamba hawezi kufanya kazi vizuri mahali pasipo na mitaa ya usiku yenye watu, London kwake ilikuwa taa ya kuonyeshea picha. Chanzo chake ni cha uchungu. Mwaka 1824, ana miaka 12, baba yake amefungwa kwa madeni gereza la Marshalsea, mtoto akapelekwa kufanya kazi kiwanda cha dawa ya viatu kando ya mto Thames kwa shilingi chache kwa wiki. Kulikuwa na duka la kahawa alilozoea kuingia, mlangoni lina kioo kimeandikwa COFFEE-ROOM, na ukikaa ndani unayaona maandishi yamegeuka, MOOR EEFFOC. Alipokuwa mtu mzima na tajiri aliandika kwamba kila akiyaona maandishi kama yale kinyumenyume mshtuko unampita mwilini. Ndo maana mimi huwa nasema Dickens aliiona London kutoka ndani ya kioo kile, kitu cha kawaida kabisa kimegeuka kikawa cha ajabu, na anayekiona ni mtoto mwenye njaa.

Mwanzo wa Bleak House, riwaya ya Dickens, una nini mpaka unasifiwa hivyo?

Una ukungu, tope na masizi, na una ujasiri. Riwaya ilitoka kwa matoleo ya kila mwezi kuanzia Machi 1852 mpaka Septemba 1853, shilingi moja kwa toleo, na msomaji aliyefungua lile la kwanza alikutana na sentensi zisizo na kitenzi kikuu, tope jingi utadhani maji ya gharika yametoka juzi tu na mjusi mkubwa wa kale anaweza kukatiza Holborn, masizi yanadondoka makubwa kama theluji iliyovaa nguo za msiba kwa kifo cha jua. Ukungu unapanda mto, unashuka mto, unaingia kwenye macho na makoo ya wazee, na ukizidi kuufuata unakufikisha katikati yake, kwa jaji mkuu kwenye mahakama ambayo kesi ya mirathi imeshamaliza vizazi. Yaani hali ya hewa na sheria ni kitu kimoja. Ni mzuri sana kuusoma kwa sauti, na unazungumzia uozo tangu neno la kwanza. Wanaosema fasihi ya kijamii haiwezi kuwa na utamu wa lugha wapewe kurasa hizi.

Maskini wenyewe je, waliuona uzuri wa mji au hizi ni raha za waliosoma?

Swali zuri kuliko yote humu. Nitajibu kwa vipande viwili vya vitabu.

Cha kwanza ni Mary Barton ya Elizabeth Gaskell, 1848, inatokea Manchester, mji wa viwanda vya pamba. Sura ya 6, John Barton, mfanyakazi wa kiwandani, amemkuta mwenzake Davenport yuko hoi kwa homa kwenye chumba cha chini ya ardhi, maji machafu yanapenya sakafuni, watoto wanagaagaa kwenye unyevu. Barton ameshaenda nyumbani akachukua koti lake zuri na leso yake ya hariri ya nyekundu na njano, vitu pekee vya thamani alivyonavyo, akaviweka rehani kwa shilingi 5. Sasa anaenda kununua dawa, njiani anapita maduka yanayowaka taa za gesi. Gaskell anasimama hapo anasema, kweli mtaa wenye maduka yanayowaka unapendeza, na duka la dawa ndo linapendeza kuliko yote, chupa zake za rangi zinamkumbusha mtu bustani ya matunda ya kichawi ya Aladini, ile hadithi tunayoijua sote kutoka Alfu Lela Ulela. Alafu sentensi inayofuata inageuka, Barton hakuwa na kumbukumbu kama hizo. Yeye alichohisi ni tofauti kati ya maduka yaliyojaa mwanga na shimo lenye giza alikotoka, ikamchoma.

Angalia alichofanya mwandishi. Hakukataa kwamba ni pazuri. Ametupa ule uzuri kwanza, tumeuonja, alafu ametuonyesha mtu anayepita hapohapo na macho mengine. Kwenye riwaya zote nilizosoma za kipindi hiki sijakuta aya fupi inayofanya kazi kubwa namna hiyo.

Cha pili ni Jo, yule mtoto wa Bleak House anayefagia kivuko cha barabara ili wenye viatu safi wapite wampe senti. Hajui kusoma. Dickens anajiuliza ikoje kupita kwenye mitaa iliyojaa maandishi, juu ya maduka, pembeni mwa njia, milangoni, na yote yawe alama tu zisizo na maana, kuona watu wanasoma na wewe ni kipofu kabisa mbele ya kila herufi. Kidogo mbele inakuja bendi mtaani. Jo anasimama kusikiliza, na pembeni yake mbwa wa mchunga ng'ombe naye anasikiliza. Dickens anasema huenda wanafurahia kwa kiwango kilekile, ila mbwa amefundishwa na amelelewa vizuri zaidi. Hasira iliyoko kwenye hiyo sentensi ni kubwa. Jo ana masikio, muziki unamgusa, hilo hakuna wa kumnyang'anya, lakini mji uliompa muziki kwa bahati mbaya tu haukumpa kingine chochote.

Wanawake waliruhusiwa kuzurura mjini na kufurahia?

Kwa shida. Mwanamke wa familia ya heshima akitembea peke yake alihesabiwa amepotea au ni malaya, kwa hiyo zile raha za Lamb na Dickens hazikuwa zake. Ndo maana zinapotokea zina ladha ya pekee. Kwenye Villette ya Charlotte Brontë, 1853, Lucy Snowe anafika London peke yake, hana ndugu wala kazi, asubuhi anapanda juu ya kuba la St Paul's anauona mto na madaraja, kisha anashuka anaenda popote miguu inapompeleka, anavuka barabara peke yake, na yuko kwenye furaha ya uhuru asiyowahi kuijua. Anasema anaipenda ile sehemu ya biashara, City, kuliko West End ya matajiri, kwa kuwa City iko kazini kweli. Nimekaa na hiyo sura muda mrefu, mtu asiye na chochote ndo anayeimiliki London siku ile.

Elizabeth Barrett Browning kwenye shairi lake refu Aurora Leigh la 1856 anampa mshairi wake chumba cha juu London, anautazama ukungu ukifuta minara, madaraja na mitaa kama sifongo, na badala ya kuhuzunika anapata nguvu ya kuandika. Kisha kuna Amy Levy, huyu hatajwi inavyostahili. Mwanamke wa kwanza Myahudi kusoma chuo cha Newnham, Cambridge. Riwaya yake The Romance of a Shop ya 1888 ina madada wanne wanaofungua studio ya picha Baker Street, na mmoja wao anapanda juu ya basi la farasi, sehemu ambayo mabinti wa heshima hawakutarajiwa kukaa, mpaka shangazi anamwona na kushtuka. Levy aliandika hata shairi la kulisifia basi. Mkusanyo wake wa mwisho, 1889, unaanza na mti wa London unaostawi kwenye moshi wakati miti mingine inasononeka ikitamani shamba. Alifariki mwaka huohuo ana miaka 27.

Ukungu wa London ulikuwa mzuri au ulikuwa unaua?

Vyote viwili, na hapo ndo ugomvi mkubwa wa mwisho wa karne ulipo. Ule haukuwa ukungu wa kawaida, ni moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani na viwandani umenasa kwenye hewa baridi, rangi ya njano, unawasha koo. Desemba 1873 ulishuka mzito mpaka ng'ombe walioletwa kwenye maonesho ya mifugo Islington wakafa kwa kukosa hewa, na watu nao walikufa.

Wakati huohuo James Whistler, mchoraji Mmarekani aliyehamia Chelsea, anapigiwa makasia usiku kwenye Thames ili aione vizuri alafu achore picha za bluu na kijivu. Kwenye mhadhara wake wa 1885 akasema ukungu wa jioni unapouvika ukingo wa mto, mabomba ya moshi yanakuwa minara na maghala yanakuwa majumba ya kifalme. John Ruskin, mhakiki mkubwa wa zama zile, alikuwa ameandika 1877 kwamba picha yake moja ya fataki ni sawa na kuwatupia watu kopo la rangi usoni, Whistler akamshtaki, 1878 akashinda kesi akapewa fidia ya robo ya peni, gharama zikamfilisi. Watu wanaichukulia kama kichekesho. Mimi naona ni kesi ya maana sana, kwa sababu Ruskin huyohuyo 1884 alitoa mihadhara kuhusu wingu chafu jipya lililotanda juu ya Uingereza, analiona kama dhambi ya kizazi kizima. Moshi ni uleule! Mmoja anaona majumba ya kifalme, mwingine anaona hukumu.

Mwandishi Oscar Wilde akaja kulichokoza zaidi mwaka 1889 kwenye makala yake ya mazungumzo, The Decay of Lying. Mhusika wake Vivian anasema ukungu huenda ulikuwepo karne nyingi ila hakuna aliyeuona mpaka sanaa ilipouvumbua. Kuna ukweli mkubwa hapo, tunaona tulichofundishwa kuona. Ila anaongeza kwamba waliostaarabika wakipata athari ya kisanaa, wasiostaarabika wanapata mafua. Ukicheka kidogo tu unakumbuka mafua hayo yalikuwa yanaua, na yaliwaua kina nani.

Kwa hiyo hao wa sanaa kwa ajili ya sanaa, kina Whistler na Wilde, walikuwa wanakimbia matatizo ya watu?

Sio moja kwa moja. Mhakiki Walter Pater mwaka 1873 alifundisha kwamba maisha ni mafupi na kinachobaki ni kuishi kila dakika kwa ukali wa hisia, na kwa mtu wa mjini anayepishana na mamia ya vitu kwa saa moja hilo ni fundisho la maana, lilimfungulia macho kizazi kizima.

Lakini chukua shairi la Wilde, Impression du Matin, la 1881. Thames inabadilika kutoka bluu na dhahabu kuwa kijivu, ukungu wa njano unashuka kwenye madaraja, kuba la St Paul's linaelea kama povu, mji unaanza kuamka. Pazuri mno. Mwisho kabisa kuna mwanamke mmoja amepauka, yuko chini ya taa ya gesi, midomo ya moto na moyo wa jiwe, shairi limeisha. Ni rangi ya mwisho kwenye picha. Umrudie Ann wa De Quincey, aliyekimbia kununua mvinyo kwa hela yake. Huyo naye alikuwa chini ya taa zilezile na moyo wake haukuwa wa jiwe. Nampenda Wilde, ila hapo nabaki na De Quincey.

Taa za gesi mbona zinatajwa kila mahali?

Kwa sababu ziliupa mji usiku wake. Zilianza kuonyeshwa mtaa wa Pall Mall 1807 na ndani ya miaka michache zikaenea, na bila hizo hakuna kuangalia maduka usiku wala kuzurura. Zilipoanza kuingia za umeme 1878 Robert Louis Stevenson, huyuhuyu wa Kisiwa Chenye Hazina, akaandika makala kuitetea gesi, akaiita ile ya umeme taa ya jinamizi. Ukisoma Jekyll na Hyde yake ya 1886 utaelewa kwa nini alitaka vivuli vibaki.

Sherlock Holmes ni fasihi ya maana kwenye mada hii au ni burudani tu?

Ni ya maana. Kwenye hadithi The Red-Headed League, 1891, Holmes, yule mpelelezi, anasimama kona ya mtaa anataja maduka kwa mpangilio, la tumbaku, la magazeti, benki, anasema kuijua London kwa undani ni mapenzi yake. Anagonga njia ya miguu kwa fimbo asikie chini kuna nini. Mchana uleule anaenda ukumbini kumsikiliza Sarasate akipiga fidla. Kwa mwandishi wake Arthur Conan Doyle, macho ya kuusoma mji na masikio ya kuonja muziki ni ya mtu mmoja. Na waliosoma Mzimu wa Watu wa Kale wanajua njia hiyo ilifika mpaka Unguja, Bwana Msa na kiko chake mdomoni ni ndugu wa Holmes, Muhammed Said Abdulla akamfanya wa kwetu kabisa.

Pwani yetu ilikuwa na uhusiano wowote na London hiyo ya karne ya 19?

Ndiyo, tena wa vitu vinavyoshikika. Pembe za ndovu zilizopitia Zanzibar zilipigwa mnada London zikawa vibonye vya piano na mipira ya biliadi, na sandarusi ya pwani ilisafirishwa kutengenezewa vanishi ya magari ya farasi ya kifahari, yaani ule mng'ao unaosomwa kwenye riwaya. Seyyid Barghash mwenyewe alitembelea London 1875. Mwaka huohuo dada yake Salme, aliyekuwa ameolewa Ujerumani, naye alienda London akitumaini wakutane wapatane, Waingereza wakamzuia. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani 1886 na kwa Kiingereza 1888, na zinafaa kusomwa sambamba na hizi kazi za kina Gaskell, mana pale mji unaoelezwa kwa hamu ni Unguja, na anayeukumbuka yuko kwenye baridi ya Ulaya.

Nikitaka kuanza kusoma nianze na kipi?

Usianze na Bleak House nzima, ni ndefu, utachoka kabla haijakushika. Anza na soneti ya daraja, dakika 2. Usiku huohuo soma barua ya Lamb. Kisha Night Walks, inasomeka kwa kikao kimoja. Baada ya hapo sura ya 6 ya Mary Barton na ya 6 ya Villette, zinasomeka hata kama hujui hadithi yote, ila nakuhakikishia ukimaliza utataka kurudi mwanzo. Wilde na Whistler waje mwisho ukiwa tayari una watu wa kubishana nao kichwani. Zote zimeshatoka kwenye hakimiliki, zinapatikana bure intaneti. Kiingereza chake ni cha zamani na sentensi za De Quincey zinazunguka sana, kwa hiyo soma kwa sauti, usikimbilie kamusi kila neno, na pembeni fungua ramani ya London uwe unafuata mitaa kwa kidole, Strand, Holborn, Oxford Street, bado ipo na majina yake ni yaleyale.